Umeona, au Eti?

Juzi mjukuu wangu aliingia jikoni na simu mkononi, mie nikiparua samaki. "Bibi," akasema, "eti kuna mzee kafariki huko Pemba, Kisiwa Panza. Eti akiitwa Bi Zaituni. Unamjua?"

Nikaweka kisu. Hata kabla ya kusema inna lillahi, maneno yaliyonitoka ni haya: "Wamemwona, au eti?" Mtoto akacheka, akadhani namtania. Ikabidi apige tena, aulize, ahakikishe. Kweli kafariki. Kazikwa jana yake baada ya Adhuhuri, watu wengi, mvua ndogo. Nikamaliza kuparua samaki maana watu watakula, lakini siku ile sikula mie.

Swali lile si langu. Ni la bibi yangu, mamake baba, aliyenilea kule Mgogoni, Pemba, tangu mama yangu alipofariki nami nikiwa wa kubebwa. Bibi alikuwa mwembamba, mkali, mwenye sauti ya chini. Mambo ya sahani kuvunjika au nguo kuchanika hakuyajali sana. Lakini mtoto akija na habari, Bibi aliacha alichokuwa akikifanya, akamtazama usoni na kumuuliza: "Umeona, au eti?" Kama umeona kwa macho yako, sema nimeona. Kama umeambiwa, anza na eti, kila mtu ajue habari hiyo si yako. Ukikosa yote mawili ulikuwa umejitafutia safari.

Siku moja nilikuja mbio kumwambia kwamba ng'ombe wa jirani kazaa. Jua la saa saba, mchanga unaunguza nyayo. "Umemwona ndama?" Nikababaika. "Basi eti?" Nikababaika tena, kwa kuwa niliyemsikia akisema ni mtoto mwenzangu na nilitaka habari iwe yangu. "Huna macho, huna eti," akasema Bibi, "sasa weye umekuja na nini hapa? Rudi ukaone." Nikarudi, mwendo mrefu, peku. Ng'ombe yuko vilevile na tumbo lake, anatafuna. Nilipoleta jibu hilo Bibi akanipa maji ya kunywa.

Basi nikazoea. Mtaa mzima ukajua kwamba kale kajukuu ka Bi Mkubwa kakisema kitu, ndivyo kilivyo. Wanawake walikuwa wakinitania kwenye kuchambua karafuu, "Hebu tuambie, nyumbani kwenu kumepikwa nini leo?" Nami nikijibu, "Eti muhogo, sijafunua chungu." Wakifa kwa kicheko. Mie nilijiona mtu mkubwa. Sikujua kama sifa ile ingekuja kumchoma mtu.

Msimu wa karafuu skuli zilifungwa, na nyie wa rika langu mnakumbuka. Wanaume juu ya mikarafuu na ngoeko zao za kuvutia matawi, sisi wanawake na watoto chini tukichambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, vidole vyeusi kwa utomvu. Uwanja mzima umetandikwa majamvi ya kuanikia. Likitanda wingu tu, mtu apige ukelele "Anua!" na hata mgonjwa ataamka, kwa sababu karafuu ikinyeshewa imeharibika. Na pale penye kuchambua ndipo eti zilipokuwa nyingi kuliko karafuu. Eti fulani kaachika. Eti fulani hapeleki tena mtoto chuoni kusoma Kurani kwa yule mwalimu. Miaka ile ndiyo iliyokuwa ya siasa, na watu waligawika hata kwenye visima. Wengine walifika hadi ya kutozikana. Kwa hiyo eti nyingi zilikuwa za namna moja: eti wale wanapanga hivi, eti hawa waliotoka bara watatufanya vile.

Bi Zaituni alikuwa ndiye "hawa waliotoka bara" pekee tuliyekuwa naye pale kwetu. Alikuwa kijana bado, mrefu, mcheshi, mwenye kasi ya vidole tuliyoionea gere. Mumewe alikuja naye kuchuma karafuu kwenye shamba la babu yangu, akaanguka kutoka juu ya mkarafuu, akafa palepale, na Zaituni ana mtoto mchanga kifuani. Babu akamwambia, "Kaa hapahapa. Jenga, lima muhogo wako, hapana atakayekuondoa." Hapana karatasi, hapana shahidi ila Bibi. Kisha Babu naye akafariki, shamba likawa la baba yangu na mdogo wake, Ami Kombo. Yule mtoto mchanga ndiye Mwanaidi. Tulilingana umri, tulikwenda chuoni pamoja, tukilala mchana mkeka mmoja. Nywele zangu za kwanza kusukwa mistari alinisuka mamake.

Asubuhi moja, katikati ya msimu, gunia mbili za karafuu kavu hazikuonekana kwenye banda. Aliyekuwa akilala pale kulinda ni Ami Kombo. Alisema alitoka tu kwenda kuswali Alfajiri, aliporudi mlango uko wazi. Baba alikasirika hasira ya kimya, ile mbaya. Mie nilitumwa kisimani, na njiani nikamkuta Ami kakaa kwenye gogo anajichokonoa meno kwa kijiti.

"Mwana weye," akaniita, "umesikia? Eti Zaituni kaonekana alfajiri, kajitwika mzigo, katokea upande wa banda letu."

"Kaonekana na nani?"

"Na watu. Nenda kamwambie babako."

Nikaacha ndoo palepale. Nilikimbia na ile habari njia nzima nikiirudiarudia moyoni isinipotee, na nakumbuka furaha niliyokuwa nayo. Furaha, wallahi. Sikumfikiria Bi Zaituni wala Mwanaidi. Nilifikiria kwamba Baba, ambaye tangu nizaliwe alikuwa akinipita kama anavyopita kinu, leo atanisikiliza.

Nilimkuta uwanjani na wanaume watano au sita, na Bibi kakaa kizingitini na ungo. "Baba," nikasema, "eti Bi Zaituni..."

"Eti, eti!" Baba akanigeukia. "Nimechoka na eti mie! Tangu asubuhi kila mtu ananiletea eti. Umeona au hukuona?"

Wote wakanitazama. Baba akachutama mbele yangu, uso wake karibu na wangu, macho mekundu ya kutolala. Sijawahi kuuona uso wa baba yangu kwa karibu namna ile. Nikasema, "Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimemwona Bi Zaituni. Kajitwika mzigo. Katoka bandani."

Bibi akaweka ungo chini. "Umemwona weye? Kwa macho yako?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango bado. Ningesema tu "Eti, kaniambia Ami," na ningekula makofi mawili yakaisha. Lakini wanaume wale walikuwa wanangoja, na Baba kanishika bega, mkono wake mzito na wa moto. Nikasema, "Kwa macho yangu, Bibi."

Baba akasimama, akawaambia wenzake: "Huyu kalelewa na mama. Akisema kaona, kaona." Hapana hata mmoja aliyebisha. Jamani, mtoto mwingine yeyote wa Mgogoni angelisema vile wangemhoji mpaka alie. Mie niliaminiwa papo hapo, kwa sababu ya miaka yote ile aliyonirudisha Bibi juani.

Bi Zaituni alikana. Wakapekua kijumba chake, hawakukuta hata karafuu moja, wakasema keshauza. Ndipo Baba akatangaza pale msikitini kwamba Ijumaa itasomwa Halbadiri. Nyie wenzangu hamhitaji kuelezwa, lakini vijana wa siku hizi wanaweza kuyasoma haya. Watu hukusanyika, ubani ukafukizwa, yakasomwa majina ya masahaba waliopigana Badri, ikaombwa dua aliyedhulumu adhihirike. Na hutangazwa mapema makusudi, siku tatu nne, ili mwenye kitu cha watu akirudishe kabla balaa halijamfika. Tulilelewa tukiambiwa tumbo litamvimba, au atapofuka, au ataropoka njiani.

Bibi hakupenda. Nilimsikia akimwambia Baba, "Halbadiri si bakora ya kumpigia jirani." Baba akajibu kwamba mwenye moyo safi haogopi.

Na kweli Bi Zaituni hakuogopa. Jumatano alikuja kwetu, akavua viatu, akakaa chini karibu na Bibi, mie niko nyuma ya pazia. "Bi Mkubwa," akasema, "isomwe. Mie mwenyewe ntakuja kukaa mbele, na udhu wangu." "Lakini kitu kimoja chanisumbua. Mtoto wako hasemi uongo. Nimemjua tangu hajaota meno. Kama yeye kasema kaniona, basi usiku huu mzima najiuliza, pengine niliamka usingizini nikenda nikaiba, na mwenyewe sijijui?"

Nilisikia shanga za tasbihi zikisimama. Mie nilijifunika kanga ya Bibi mpaka kichwani na nikaanza kulipapasa tumbo langu.

Maana mie nilielewa hivi: Halbadiri haitafuti mwizi, inatafuta mwongo. Haina haja na gunia. Itaingia nyumba kwa nyumba ikiuliza swali la Bibi, umeona au eti, na itakaponifikia mie sitakuwa na la kujibu. Siku zile tatu nilikuwa nikijipima tumbo kwa ukanda wa ukili wa kushonea mkeka, asubuhi na jioni. Hata hivyo sikusema. Mtu mzima atauliza kwa nini. Sijui. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na nilikuwa naogopa uso wa Baba kuliko kifo.

Alhamisi Ami Kombo akaondoka. Eti kaitwa Wete, kuna kazi. Bibi alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye mikarafuu.

Ijumaa baada ya Alasiri ikasomwa. Bi Zaituni alikaa kwenye mkeka nje ya mlango, mgongo umenyooka, Mwanaidi pembeni yake. Mie nilikuwa chini ya kitanda. Harufu ya ubani ikanifuata hukohuko, nikatapika. Mpaka leo mtu akichoma ubani nyumba ya pili, natoka nje.

Tumbo langu halikuvimba. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne homa ikamshika Mwanaidi.

Msimu ule watoto wengi waliugua homa, mbu walikuwa wengi na mvua zilianza. Lakini waliougua wengine walikuwa na homa tu. Huyu wa Bi Zaituni, watu walishasema ni nini. "Eti imempiga mtoto," wanawake wakanong'ona kwenye kuchambua, na mikono yao haikusimama kufanya kazi. Hapana aliyekwenda kumtazama. Wa upande huu hawakwenda kwa ajili ya Halbadiri, wa upande ule hawakwenda kwa ajili ya siasa. Bibi peke yake alikwenda, asubuhi na jioni, na mara moja alinituma mie na kikombe cha uji. Hilo la uji nitarudi kulisema.

Mwanaidi alikufa siku ya nane. Waliochukua jeneza walikuwa wanne, hapana wa kupokezana. Mmoja wao alikuwa baba yangu. Nilimwona akirudi na udongo kwenye kanzu, akakaa barazani, akaomba maji, asiyanywe. Nadhani alianza kulegea moyo siku ile. Lakini maneno alikwishayasema mbele ya watu, kwamba mwizi hatakaa shambani kwake, na wiki ya pili yake akayatimiza: Bi Zaituni avunje kijumba chake, aondoke shambani. Bibi akasema, "Babako alimwambia hapana atakayemwondoa, nami nilikuwapo." Baba akasema, "Babangu hakumwambia aibe."

Alivunja mwenyewe, mti mmoja baada ya mwingine. Makuti akayaacha. Akajitwika kitanda cha kamba kichwani na bunda la nguo, akapita mbele ya nyumba yetu. Alipofika usawa wangu alisimama. Nilidhani atanilaani. Akanitazama tu, kwa mshangao, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu. Kisha akaenda zake, na tulikuja kusikia kwamba kapokelewa na wavuvi Kisiwa Panza.

Ami Kombo alirudi baada ya mwezi na baiskeli mpya, ya kengele. Tumbo lake lilikuwa bapa, macho yake mazima, na alikuwa kanenepa. Bibi aliitazama ile baiskeli kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kengele bila ya kuipiga. Kisha akaniita ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani nami nimesimama mbele yake.

"Uliona?"

Nikalia. Nikasema yote, gogo, kijiti, ndoo. Nilingoja kupigwa, nilikuwa natamani kupigwa. Bibi alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mie ndiye niliyewafanya wakuamini," akasema. "Mie."

Akamwambia Baba. Baba akasema jambo limeshapita, mtoto wa watu kashazikwa, na nyumba yetu isitiwe aibu mara mbili katika wakati kama huu, watu wanatafuta la kusema. Ami Kombo hakuulizwa. Alipanda baiskeli yake mpaka ikachakaa. Basi Bibi akajitanda buibui lake, akaenda mwenyewe kwenye kuchambua, akasimama katikati ya wanawake na kusema kwa sauti yake ile ya chini: "Zaituni hakuiba. Nina hakika."

Wakatazamana. Mmoja akaguna, akamwambia mwenziwe, pembeni lakini sote tukasikia: "Eti hakuiba!" Wakacheka kidogo, kwa adabu, maana Bibi alikuwa mtu mzima. Karafuu zikaendelea kuchambuliwa.

Bibi aliishi miaka mingine michache. Alinipikia, alinivisha, alinifundisha kushona kofia. Lakini hakuniuliza tena. Nikija na habari, nikisema nimeona au nikisema eti, aliitikia "Haya," akaendelea na lake. Mara nyingine niliongeza chumvi makusudi, nikamwambia mambo yasiyowezekana, anirudishe juani nikaone. "Haya," akasema.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimehamia Unguja, nimezaa. Mara mbili nilikwenda Pemba kwa nia ya kuvuka kwenda Panza. Mara ya kwanza nikafika mpaka pwani, nikakaa na wachuuzi wa samaki, nikakiona kisiwa kile pale, karibu kabisa, na moshi wa majiko. Nikamuuliza mama mmoja habari za Bi Zaituni. Akasema yupo, anafundisha watoto kusuka mikeka, hakuolewa tena, mtu mwema sana. Kisha akasema, "Eti alikuwa na mtoto, akafa kwa Halbadiri." Nikapanda gari nikarudi. Mara ya pili sikufika hata pwani.

Na sasa kafariki, na wa kumwambia hayupo tena. Basi niwaambie nyie lile la uji.

Nilimkuta Mwanaidi kalala kwenye kitanda cha kamba, mamake katoka kuteka maji. Midomo imempasuka. Nilimnywesha vijiko viwili, cha tatu akakikataa. Akanishika mkono, mkono wake unaunguza, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kulala: "Eti, mama kaiba?"

Aliniuliza mie kwa sababu mie nilisema nimeona. Na kwa sababu tulilala mkeka mmoja. Alikuwa ananiuliza ukweli, na katika dunia nzima, tuliokuwa nao tulikuwa wawili, mie na Ami Kombo. Hapakuwa na Baba pale, hapakuwa na wanaume, hapakuwa na wa kunipiga. Tulikuwa sisi na kikombe cha uji.

Nilimwambia, "Eti." Sikusema nimeona, wala sikusema hapana.

Aliniachia mkono. Akageukia ukutani, nami nikaondoka na kikombe, na uji ulikuwa bado umejaa.